Pasipoti Iliyosafiri Peke Yake

Nina vyumba vitano vya kupangisha hapa Francistown, na masikio mawili yanayosikia vyote vitano. Chumba chenye mlango wa bluu wanakaa Limbani na Noku. Kwa ajili yao sihitaji saa. Cherehani ya Limbani ikianza kulia, ni saa kumi na mbili asubuhi. Wakianza kubishana kuhusu ugali, ni saa moja jioni.

"Limbani, huu ni uji au ugali?"

"Ni ugali, mke wangu. Kwetu Malawi tunaupenda laini."

"Kwetu Zimbabwe ukipika hivi, watu wanauliza mgonjwa ni nani."

"Mgonjwa ni mimi. Naumwa na maneno yako."

"Na hapa Botswana," mimi nilipaza sauti kutoka uani, "tunasema kuleni mnyamaze!"

Walicheka wote wawili. Mtoto wao Tadala naye alicheka, ingawa hakujua tunacheka nini.

Watu hawa nawapenda, nisifiche. Limbani Gausi ni fundi cherehani. Anashona mapazia katika karakana moja hapa mjini. Ana kibali cha kazi. Noku anatoka kijiji kimoja karibu na Plumtree, ng'ambo ya mpaka. Walikutana hapa hapa, nchi isiyo ya huyu wala ya yule. Noku alipeleka sketi ipunguzwe kiuno. Limbani alimwambia, "Dada, sketi haina kosa. Wewe ndiye hujala." Akamletea mkate na maziwa. Basi, ndiyo ikawa hivyo.

Tadala alizaliwa tarehe kumi na nne Machi, katika hospitali ya hapa. Nilikuwepo. Noku alinishika mkono kwa nguvu mpaka nikadhani ameuvunja. Siku tatu sikuweza kukamua nguo.

Mwezi wa kumi, mama yake Limbani alipiga simu kutoka Ntcheu, Malawi. Limbani aliweka sauti juu ili Noku asikie.

"Mwanangu," alisema yule mama, "macho yangu yanafifia. Asubuhi naona mlango. Jioni naona kivuli tu. Niletee mkwe wangu. Niletee mjukuu wangu nimwone, taa haijazimika."

Noku alichukua simu.

"Mama, tunakuja. Desemba tunakuja."

"Mje mfungishwe ndoa kwa mila yetu. Wajomba nimeshawaambia. Upande wa mume unatoa jogoo, upande wa mke unatoa mtetea. Bila kuku hao, mimi simtambui mtu kuwa mke wa mwanangu, hata akizaa kumi!"

"Kumi, mama? Nionee huruma."

Yule mama alicheka. Noku alipokata simu, machozi yalikuwa yanamtoka.

Kesho yake Limbani alinijia na wazo lake.

"Mma Oteng, nataka jogoo wa hapa. Tadala amezaliwa hapa. Jogoo wa ndoa yetu atoke hapa."

"Umpeleke mpaka Malawi? Ndani ya basi?"

"Kwenye kikapu, nimfunike kitambaa. Atalala."

"Jogoo alale! Makubwa haya."

Hata hivyo niliwapeleka kwa Rra Selelo; kwetu Rra ni Bwana, na Mma ni Mama. Ni mzee wa kanisani kwetu. Alifanya kazi mpakani miaka thelathini, akigonga mihuri. Sasa amestaafu na anafuga kuku wa kienyeji. Anawapanga kuku wake kwenye foleni wakati wa kula, wala si utani.

"Unataka jogoo wa kula au wa kufuga?" aliuliza.

"Wa kusafiri, mzee," alisema Limbani. Akamweleza habari yote.

Rra Selelo alimtazama jogoo mwekundu aliyekuwa juu ya ukuta.

"Huyu ana pasipoti?"

Tulicheka. Yeye hakucheka.

"Sitanii. Kuku hapiti mpakani hivi hivi. Kuna magonjwa ya mifugo. Anatakiwa karatasi za daktari wa mifugo, na ruhusa ya kila nchi anayoingia. Ukimficha kwenye kikapu, atawika mbele ya afisa. Watamchukua na wewe utaandikwa. Jogoo nunua huko huko kwenu."

"Basi safari ya jogoo imekufa," nilisema.

"Na ninyi wenyewe?" aliuliza mzee. "Pasipoti zenu zikoje?"

"Ziko vizuri, mzee," alisema Limbani kwa kujiamini. "Hizi hapa."

Sasa hapa lazima nieleze jambo, na uso wangu una aibu.

Limbani alikuwa na kibali chake. Noku hakuwa nacho. Yeye aliingia kama mgeni. Mgeni hupewa idadi ya siku. Siku zikiisha anatakiwa kuondoka, au awe ameomba kibali cha kukaa. Lakini mtaani kwetu watu walikuwa na ujanja wao. Kuna madereva wanaopeleka mizigo ng'ambo ya mpaka. Tunawaita malaitsha. Wanabeba sukari, mafuta, magodoro, sabuni. Na wanabeba pasipoti. Unampa dereva pasipoti yako na kitu kidogo. Inakwenda mpakani, inagongwa muhuri wa kutoka, halafu wa kuingia, inarudi. Wewe hujatia mguu nje ya geti. Uko nyumbani unaosha vyombo, pasipoti yako inasafiri pamoja na sabuni.

Nani alimwonyesha Noku ujanja huo? Mimi. Machi, siku zake zilikuwa zinaisha, naye ana tumbo la miezi tisa. Nikamwambia, "Utapandaje gari hali hii? Mpe Khule pasipoti. Kila mtu anafanya." Khule ndiye malaitsha wa mtaa wetu. Noku alisita. Mimi nikamsukuma. Nina mdomo mimi, hata marehemu mume wangu alisema.

Tangu siku hiyo pasipoti ilikwenda kila mara siku zilipokaribia kuisha. Hakuna aliyesoma tarehe. Tuliona muhuri, tukaridhika.

Rra Selelo alivaa miwani. Alifungua pasipoti ya Limbani kwanza.

"Yako inaisha baada ya miezi minne. Nchi nyingi hazikupokei na pasipoti inayokaribia kuisha. Kaombe mpya kabla ya safari."

"Loo," alisema Limbani. Kujiamini kote kuliyeyuka.

Kisha mzee akafungua ya Noku. Alisoma ukurasa kwa ukurasa, polepole, kama mtu anayechambua mchele. Akafika mahali akasimama. Alirudi nyuma ukurasa mmoja. Akaenda mbele tena.

"Binti, mtoto huyu amezaliwa lini?"

"Machi kumi na nne, mzee."

"Wapi?"

"Hospitali ya hapa."

"Nani alikuwepo?"

"Mimi!" nilidakia. "Mkono huu alitaka kuuvunja!"

Mzee alimgeuzia Noku pasipoti. "Soma hapa."

Noku alisoma kwa sauti. "Kutoka, tarehe kumi na tatu Machi. Kuingia, tarehe kumi na tano Machi."

"Sasa jihesabie mwenyewe. Tarehe kumi na nne, karatasi hii inasema ulikuwa wapi?"

Tadala alikuwa mgongoni mwake, anavuta kilemba chake.

"Ng'ambo," alisema hatimaye.

"Ulikuwa ng'ambo. Lakini cheti cha mtoto kinasema siku hiyo hiyo ulikuwa hapa, unazaa. Karatasi mbili, zote za serikali, na moja inasema uongo. Ukifika mpakani na mtoto, afisa atataka vyote viwili. Ataviweka pamoja mezani. Ningekuwa mimi, ningeuliza nini? Ningeuliza: mama wa mtoto huyu ni nani?"

"Ni mimi."

"Najua, binti."

"Niliumwa uchungu kwa muda wa saa kumi na sita, mzee."

"Najua."

"Sasa karatasi inasemaje kwamba sikuwepo?" Sauti yake ilikatika. "Inasemaje kwamba sikuwepo wakati namzaa mwanangu?"

Limbani alimtoa mtoto mgongoni mwa mkewe, akambeba yeye. Mimi nilitazama kuku. Sikuweza kumtazama mtu.

Jioni ile hapakuwa na ubishi wa ugali. Khule alipita na gari lake kuleta mizigo. Nikamwita, nikamwonyesha zile tarehe.

"Mma Oteng, mimi nilijuaje kwamba atazaa siku hiyo?" alisema. "Muhuri ulitakiwa, muhuri umegongwa. Lakini msihangaike. Mto wa mpakani umekauka sasa. Kuna njia ya panya chini ya waya wa mpaka, napitisha watu kila wiki. Desemba nitawapitisha wote watatu, hakuna atakayeuliza karatasi."

Limbani alimtazama mkewe. Niliona anataka kukubali. Hofu humfanya mtu asikie lolote.

"Noku," alisema kwa sauti ya chini, "tukienda ofisi ya uhamiaji wanaweza kukufukuza. Wanaweza kukufungia usirudi. Mama yangu macho yanazimika. Tukipita kwa Khule, angalau atamwona mtoto."

"Na kurudi?"

"Tutarudi njia ile ile."

"Halafu Tadala akianza shule? Akiumwa? Tutapita chini ya waya kila mara?" Noku alimkumbatia mtoto. "Mwanangu hatapitishwa chini ya waya kama mbuzi wa wizi. Nitakwenda ofisini. Bora nifukuzwe nikiwa nimesimama kuliko niingie nikitambaa."

"Nikikupoteza je?"

"Hutanipoteza. Nani mwingine atakuvumilia na uji wako?"

Limbani alicheka huku analia. Khule aliwasha gari akaenda zake.

Usiku huo Limbani alichukua mabaki ya kitambaa cha pazia, akashona mkoba. Ulikuwa na mifuko mingi midogo ndani. Kila mfuko aliutia rangi yake ya uzi. Wa kijani wa pasipoti ya Noku. Wa bluu wa pasipoti yake. Wa njano wa cheti cha kuzaliwa cha Tadala na kadi ya kliniki. Mwekundu aliuacha mtupu.

"Huo wa nini?" niliuliza asubuhi.

"Wa cheti cha ndoa, Mma Oteng. Ukiwa na mahali pa kitu, kitu kinakuja."

"Na huu mdogo?"

"Wa hati ya safari ya Tadala. Mzee alisema hata mtoto wa mgongoni anatakiwa awe na yake."

Tulirudi kwa Rra Selelo. Alitukalisha kwenye benchi, kuku wanapita miguuni.

"Sikilizeni," alisema. "Ninyi ni wawili, na pasipoti ni mbili za nchi mbili. Mlango unaomfungukia mmoja unaweza kumfungia mwingine. Kila nchi mtakayopita, ulizeni mara mbili. Ulizeni habari za Limbani, halafu ulizeni habari za Noku. Nani anatakiwa viza? Anapewa siku ngapi? Mtoto anasafiri kwa karatasi gani?"

"Tumuulize nani?" alisema Limbani.

"Ofisi ya uhamiaji na ubalozi wa nchi husika. Msiulize dereva, wala jirani." Hapo alinitazama. Nilistahili. "Sheria zinabadilika. Ya mwaka jana inaweza isiwe ya mwaka huu. Hata mimi msinisikilize mimi tu. Nendeni mkasikie wenyewe."

"Na hii mihuri?" aliuliza Noku.

"Semeni kweli. Msiandike uongo mwingine kufunika wa kwanza. Chukueni kadi ya kliniki, karatasi za hospitali, kibali cha Limbani. Na chukueni shahidi."

"Shahidi yupi?" niliuliza.

Wote watatu walinigeukia.

Mioyo mingine ni ya simba. Wangu siku ile ulikuwa wa kifaranga. Nilifikiri, nikienda kusema mimi ndiye niliyemshauri, je, wakinikamata? Nina vyumba vitano na jina kanisani. Niliwaambia mgongo unaniuma. Niliwaambia nina nguo nyingi za kufua. Noku alinishika tu mkono, ule ule. Basi, nikaenda.

Ofisini tulipanga foleni tangu asubuhi. Afisa aliyetupokea alikuwa dada mdogo kuliko binti yangu, mwenye miwani na sauti kavu. Noku alieleza yote. Hakulia. Alipomaliza, afisa aliziweka pasipoti na cheti cha mtoto pamoja mezani, kama mzee alivyosema.

"Kwa hiyo hukuvuka?"

"Sikuvuka, dada. Nilikuwa hospitali."

"Mihuri ya Juni na Septemba?"

"Hiyo pia sikuvuka."

"Unajua kwamba hilo ni kosa kubwa?"

"Sasa najua."

"Nani alikwambia utume pasipoti?"

Noku alinyamaza. Hakutaka kunitaja. Kwa kunyamaza kule nampenda mpaka leo.

"Mimi," nilisema. "Naitwa Mma Oteng, ni mwenye nyumba. Alikuwa na mimba ya kuzaa leo au kesho. Alisita, mimi nikamsukuma. Na mtoto alipozaliwa nilikuwepo. Naapa mbele yako."

Dada yule alivua miwani. "Mama, wewe ni mwenyeji. Mgeni anakuamini kwa sababu ni mwenyeji. Kumbe unampoteza?"

Sijawahi kuchapwa kwa maneno makavu namna ile. Niliinamisha kichwa.

"Ungekuja kabla siku hazijaisha," alimwambia Noku, "na barua ya daktari kwamba huwezi kusafiri, ungeeleza hali yako. Ofisi ipo kwa ajili hiyo."

Aliingia ndani na karatasi zetu. Tulikaa sana. Limbani alikuwa anakunja na kukunjua ule mkoba. Tadala alilala. Nilisali sala zote ninazozijua, na nyingine nikazitunga.

Aliporudi, alikaa kwanza.

"Mihuri ile itaandikiwa taarifa. Utalipa faini. Na utaondoka nchini ndani ya siku saba, wewe mwenyewe, kwa miguu yako, mbele ya afisa."

Limbani alifunika uso kwa mikono.

"Sijamaliza," alisema afisa. "Kwa kuwa umekuja mwenyewe na umesema kweli, mkuu wangu hakukufungia kurudi. Mwingine hapati bahati hiyo, usije ukawaambia watu kwamba ni rahisi. Fungeni ndoa, isajiliwe, mpate cheti. Halafu mume, kwa kuwa ni mfanyakazi mwenye kibali, aombe mkewe aruhusiwe kukaa naye. Ukipata kibali, rudi. Usirudi kabla."

"Asante, dada," alisema Noku. "Na mtoto?"

"Mtoto ni wako. Nimeona kadi ya kliniki." Kwa mara ya kwanza alitabasamu. "Na amefanana na wewe kama nini sijui."

Siku saba zilikwisha upesi. Ubalozi wa Zimbabwe ulimsaidia Noku kupata hati ya safari ya Tadala, na Limbani akaandika barua ya kumruhusu mtoto asafiri na mama yake. Vyote viliingia kwenye mkoba. Siku ya kuondoka, Limbani alimpikia mkewe ugali mgumu kama jiwe.

"Huu ndio ugali," alisema Noku.

"Nimejifunza leo unapoondoka."

"Basi nikirudi usiwe umesahau."

Hakuula wote. Aliufunga kwenye kitambaa akaenda nao.

Nyumba ilikuwa kimya, jamani. Cherehani ililia saa kumi na mbili, lakini saa moja jioni hapakuwa na kitu. Limbani aliomba pasipoti mpya, ikaja mapema Desemba. Aliulizia kila nchi ya njiani mara mbili, kama mzee alivyomwagiza. Kumbe nchi moja ilikuwa na masharti mengine kwa pasipoti yake, na mengine kwa ya Noku. Wangefika bila kujua, mmoja angevuka na mwingine angebaki anampungia mkono. Walitafuta karatasi iliyokosekana, ikawachelewesha siku nne, lakini ikapatikana. Kisha akaenda Plumtree kumchukua mke na mtoto, pamoja na mjomba wa Noku.

Ndoa ilifungwa Ntcheu kwa jogoo wa Ntcheu. Mtetea naye alinunuliwa huko huko. Limbani alinieleza baadaye yule mama alivyompokea Tadala. Alimpakata mlangoni, kwenye mwanga. Akamsogeza karibu, karibu zaidi, mpaka pua zao zikagusana.

"Namwona," alisema. "Ana paji la uso la baba yenu."

Akamshika siku nzima. Wakitaka kumchukua, anawafukuza kama inzi.

Januari Limbani alirudi peke yake, na cheti cha ndoa kwenye mfuko mwekundu. Alipeleka maombi. Wakamwambia asubiri. Januari ikaisha. Februari ikaisha. Kila siku Noku alipiga simu kutoka kwa baba yake, karibu na Plumtree.

"Wamesemaje?"

"Wamesema tusubiri."

"Tadala amesimama leo. Ameshika kiti akasimama."

Limbani aliweka simu chini, akarudi kwenye cherehani, akashona bila kuangalia anachoshona. Nilimletea chakula na sikusema kitu. Ndiyo, mimi. Nimejifunza.

Khule alipita siku moja. Mpangaji wangu wa chumba cha tano alitoka na pasipoti mkononi. Nilisimama getini.

"Khule, leta sabuni, leta sukari, leta hata godoro. Pasipoti haitoki kwenye geti hili bila mwenyewe ndani yake."

"Mma Oteng, tangu lini?"

"Tangu nilipochapwa na mtoto mdogo. Nenda."

Yule mpangaji nilimshika mkono nikampeleka kwa Rra Selelo.

Tarehe sita Machi kibali cha Noku kilitoka. Limbani alipiga kelele mpaka majirani wakadhani kuna moto. Alimpigia simu hapo hapo.

"Panda gari kesho! Kesho asubuhi!"

"Hapana," alisema Noku. "Nisubiri mpaka tarehe kumi na nne."

"Siku nane zote? Kwa nini?"

"Wewe nisubiri."

"Mke wangu, miezi yote hii haikutosha?"

"Limbani. Tarehe kumi na nne."

Limbani alininung'unikia mimi wiki nzima. Nilifikiri labda Noku anataka sherehe ya mwaka mmoja wa mtoto akiwa safarini, nikashangaa. Siku ilipofika, tulikwenda mpakani wote wawili, tukasimama upande wetu, nyuma ya kizuizi cha chuma. Jua lilikuwa kali. Limbani alikuwa amevaa shati jipya alilojishonea, na jasho limelilowesha lote.

Kisha tukawaona. Noku alikuwa kwenye foleni na Tadala mgongoni, mkoba wa pazia mbele kifuani. Alifika dirishani. Alitoa pasipoti, hati ya mtoto, kibali, cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa. Kila kimoja alikitoa kwenye mfuko wake bila kutafuta. Afisa alisoma. Akamtazama Noku usoni, akatazama pasipoti, akamtazama tena. Akainua muhuri. Hata mimi niliyesimama mbali niliusikia ukigonga.

Limbani hakungoja. Alimkumbatia mkewe katikati ya mizigo ya watu, wakapigiwa honi. Tadala alimtazama baba yake kidogo, akafikiri, kisha akamnyooshea mikono.

Noku alinijia mimi. Hakusema hata hujambo. Alifungua pasipoti akaniwekea mkononi.

"Mma Oteng, soma."

Wino ulikuwa bado mbichi. Nilisoma. Kuingia, tarehe kumi na nne Machi.

"Mwaka jana ilisema sikuwepo," alisema. "Leo nimekuja niandikwe nipo."

Nililia mbele ya foleni nzima, na sikujali. Noku alinifuta machozi kwa ncha ya kilemba chake, akacheka.

"Twende nyumbani, mama. Huyu mwanamume amekula uji miezi yote hii."